Watu walikuwa wanaandika "ja" chini ya video za madam wa Biology, nikaenda kutafuta sababu

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo, mliopo kazini mnajifanya mko bize na mliopo nyumbani mmejilaza.

Hii ishu imenitokea mwenyewe, sijasimuliwa. Majina nimebadilisha kwa sababu wahusika wapo hai na mmoja wao ni mwepesi kupiga simu. Mengine yote nayaweka kama yalivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga, na napo ni pengi.

Mie naediti video. Naishi Mabibo, nafanyia kazi geto, chumbani kwangu, laptop moja na hedifoni zilizofungwa na selotepu. Nilianza na harusi na kitchen party, baadaye nikahamia video za singeli, ule muziki wa mbio.

Aliyewahi kuediti singeli anajua kwamba pale ukimya ni kosa. Ukiacha sekunde mbili hakuna kitu, mtazamaji keshahama. Mie nikawa na jina kabisa, watu wananiita fundi wa kukata. Nakiri nilikuwa naringa nalo.

Sasa mwaka jana kituo kimoja cha tuition kule Temeke, sikitaji, kikaamua kufungua chaneli ya video za kujiandaa na mtihani wa form four. Wakachukua walimu watatu kwa majaribio: kijana wa Physics, braza wa Geography, na madam wa Biology. Meneja akasema toka siku ya kwanza kwamba muhula ukiisha watabaki wawili. Mie nikachukuliwa kama freelancer, niediti wote watatu.

Hapa nimzungumzie huyu madam, maana uzi wote ni wake.

Nimwite Madam Somoe. Kwao ni Lindi, ila Mwananyamala ndio kazalia na ndio kazeekea. Kafundisha Biology miaka mingi kuliko umri wangu. Halafu magoti yakamgomea. Shule aliyokuwa anafundisha, madarasa ya form four yalikuwa ghorofa ya pili, na yeye ngazi ya kwanza tu anashika ukuta. Akaacha mwenyewe kabla hajaambiwa.

Siku nilipokwenda kumfungia stendi ya kamera sebuleni kwake, aliigusa ile stendi akaniambia, "Mwanangu, darasa nililobaki nalo ni hili. Likifungwa na hili, mie ni wa kukaa barazani kuchambua mchele."

Alisema kama anatania. Ila mie niliondoka na hayo maneno.

Sasa sikilizeni kosa langu lilipoanzia.

Siku ile ile tukajaribu kurekodi. Mie niko nyuma ya kamera, yeye kakaa kwenye kiti, ubao mdogo pembeni. Somo photosynthesis. Akaanza vizuri, Kiingereza chake kimenyooka, Kiswahili anakitia pale panapokuwa pagumu. Akafika hapa: "So, green plants make their own..."

Akanyamaza. Ananitazama.

Nikasubiri. Bado ananitazama. Nikajua hapa mama wa watu kasahau. Nikainama nikamnong'oneza, "Food, madam."

Akakunja uso. "Wewe umeambiwa ujibu?"

"Nakusaidia tu, madam."

"Mwanafunzi mwenye kimbelembele kama wewe nilikuwaga namtoa nje. Hebu toka, niache na darasa langu."

Nikatoka kweli. Nikakaa barazani na mume wake, mzee mpole asiye na maneno mengi, tukanywa chai ya tangawizi. Toka siku hiyo utaratibu ukawa huo: nafunga kamera, nabonyeza kitufe, natoka nje. Akimaliza ananiita, nachukua faili, naondoka.

Lakini kule barazani roho yangu haikutulia.

Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, alianzaga hivyo hivyo. Alianza kusahau maneno. Anakuambia niletee ile... halafu anakutazama. Tukawa tunammalizia, tunacheka naye. Baadaye akaja kusahau majina yetu, na mimi akanisahau mapema kuliko wenzangu. Kwa hiyo nilipoona Madam Somoe anakwama kwenye neno dogo kama food, moyo uliniuma.

Kumuuliza sikuweza. Utaanzaje kumuuliza mtu mzima aliyekuzidi umri kiasi kile kwamba, madam, naona kumbukumbu inakuacha? Nikaona nifanye kile ninachokiweza. Nimsitiri.

Kila alipokwama, mie nakata. Neno la kabla naliunga na neno la baada, ukimya natupa. Wala sikuwa nasikiliza. Nilikuwa naediti kwa macho, sauti ya madam nimezima, masikioni napiga singeli. Kwenye skrini sauti inaonekana kama vimilima, na panapokuwa tambarare hakuna mtu anaongea. Nilikuwa napita tambarare zote nafyeka. Somo la nusu saa linabaki dakika ishirini, linakwenda mbio, nalitazama najisifu.

Nikaja kupigiwa simu na meneja.

"Huyo mama yako wa Biology watu hawamalizi video zake. Wanaingia, dakika ya pili ya tatu wametoka. Nakuambia mapema tu, tukifika mwisho wa muhula mie naangalia grafu, siangalii sura ya mtu."

Nikashangaa. Kijana wa Physics anaongea kwa kujiumauma na watu wanamaliza. Madam anajua kazi yake, tena nimemnyoosha mie mwenyewe fundi, watu wanakimbia.

Nikaingia kwenye komenti, sehemu ambayo sikuwahi kuigusa. Mmoja kaandika, "Madam anaongea kama anafukuzwa." Mwingine, "Sijapata muda hata wa kushika kalamu." Halafu kuna moja nikairudia mara tatu: "Mbona huyu madam anagombana na mtu ambaye sie hatumuoni?"

Anagombana na nani? Nikasema ndio yale yale. Hali imezidi, sasa anaongea na watu ambao hawapo.

Nilikaa kitandani sina raha kabisa. Nikawa najiuliza nimwambie mume wake au ninyamaze.

Ila mie ni mtu wa kudadisi, wakuu, na huo udadisi ndio ulioniokoa. Nikaanza kupitia video zake moja moja. Zote grafu ya watazamaji inaporomoka mapema, isipokuwa moja. Somo la moyo na mzunguko wa damu. Hiyo grafu imelala imetulia mpaka mwisho, na kuna sehemu inapanda, maana yake watu wanarudi nyuma kuangalia tena.

Nikashuka kwenye komenti za hiyo video.

"ja"

"ja"

"jaaaa"

"ja madam"

Mwingine kaandika "trium". Mwingine "vein, sirudii tena kosa". Halafu tena "ja", "ja", "ja", watu tofauti, siku tofauti.

Ja ndio nini?

Nikawaza labda Kijerumani, maana nimewahi kusikia kwao ja ni ndiyo. Lakini Wajerumani na Biology ya form four wapi na wapi. Nikamwita jirani yangu, jamaa wa hosteli anayesoma mambo ya kompyuta, nikamuonyesha. Akatazama kwa makini, akasema, "Hawa ni maroboti." Nikamuuliza roboti anasomea mtihani wa form four ili iweje. Akasema ana kipindi, akaondoka.

Nikaenda kufungua faili lenyewe. Kuangalia jina, nikajikuta nimepiga kofi paja. Nilipandisha faili sio. Ile niliyoikata ilikuwa imelala kwenye laptop, na niliyoiweka hewani ni raw, vile vile alivyorekodi madam, na tambarare zake zote.

Yaani video pekee ambayo sikuigusa ndiyo pekee iliyokuwa inapendwa.

Nikavua singeli masikioni. Kwa mara ya kwanza toka nianze hiyo kazi, nikamsikiliza Madam Somoe.

"Chumba cha juu cha moyo kinaitwa a..." Kimya. Unasikia kuku wa jirani. "Atrium. Vizuri."

"Sasa damu yenye oksijeni inatoka kwenye mapafu, inarudi kwenye moyo kupitia pulmonary..." Kimya. Hapa ukimya ni mrefu. Halafu sauti kali, "Nani kasema artery?"

Kumbe huyo ndiye mtu anayegombana naye. Ni mwanafunzi. Alikuwa anajua kabisa kuna mtu mahali fulani kajibu vibaya, na anamuwahi. Mie nilifyeka nafasi ya huyo mwanafunzi kujibu, nikaacha kugombezwa kwake.

Nikaendelea kusikiliza mpaka mwisho. Madam akafunga daftari akasema, "Kwa leo tuishie hapo. Tuko pamo..."

Na mimi, mtu mzima, peke yangu geto, mdomo ukajibu wenyewe. "Ja."

Wakuu, nani hapa hajasoma hivyo? Toka darasa la kwanza mwalimu anaacha neno linaning'inia, darasa zima linamalizia. Nimeele? Weka. Tunaendele? A. Nimefundishwa hivyo miaka yote ya shule, halafu nikamuona mwalimu anafanya hivyo mbele yangu nikadhani anaumwa. Kusema ukweli mie nilikuwaga nakaa nyuma, wenzangu wakijibu nachezesha mdomo tu.

Nilijiona fala, nisiwafiche. Kisha nikaogopa, kwa sababu muhula ulikuwa umebaki wiki chache na darasa la mwisho la mama wa watu nilikuwa nimelifunga mie, kwa huruma yangu.

Kesho yake asubuhi nikaenda Mwananyamala.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Leo si siku ya kurekodi."

Nikamueleza yote. Kuhusu bibi yangu, kuhusu kukata, kuhusu grafu. Sikumtazama usoni. Nilipomaliza akakaa kimya, na safari hii haukuwa ule ukimya wa kusubiri jibu.

"Kwa hiyo mimi nawauliza watoto," akasema, "halafu wewe unawaziba midomo."

"Nilidhani unasahau, madam."

"Na ukaona usiniulize."

"Niliona aibu."

Akavua miwani akaifuta kwa kanga. Nilitegemea matusi, ningeyapokea. Yeye hajawahi kuangalia video zake hata moja, alikuwa anasema hapendi kujiona, kwa hiyo hakuna alichokuwa anakijua. Baadaye akauliza kwa sauti ya chini, "Na hiyo moja ambayo hukuiharibu. Wanajibu kweli?"

"Wanaandika kwenye komenti, madam."

"Kuandika ni kuandika. Nauliza wanajibu?"

Jibu la hilo swali nikaona hata mie nalitaka. Huyu mama alikuwa anauliza ukuta wa sebule yake miezi yote hiyo kwa imani tu. Je, kuna mtu kweli anaijibu simu kwa mdomo?

Kwenye komenti kulikuwa na dada mmoja, nimwite Saumu, kaandika kwamba wao saluni kwao Buguruni wanaiweka hiyo ya moyo kila siku. Nikamtumia ujumbe nikamuuliza saluni iko wapi. Akadhani nataka kuleta mchumba asukwe, akanielekeza vizuri sana.

Nikamwambia madam twende. Akasema magoti. Nikaita bajaji ikaja mpaka mlangoni, nikamkalisha taratibu, mume wake akashangaa tu.

Saluni yenyewe ni chumba kimoja, nyuma kidogo ya sokoni, pazia mlangoni, viti vinne. Simu imeegeshwa kwenye kioo, imezuiwa na kopo la mafuta ya nywele. Saumu anasuka huku macho yapo kwenye simu. Anarudia mtihani wa Biology, nilikuja kujua baadaye, anataka uuguzi. Wasusi wenzake wawili wala hawarudii kitu, wanasikiliza tu kwa kuwa wapo.

Madam kajifunika mtandio, akakaa kiti cha pembeni kama mteja anayesubiri zamu. Mie nikasimama mlangoni. Hatukujitambulisha.

Video ikafika, "Chumba cha juu cha moyo kinaitwa a..."

"Trium," saluni nzima, vidole havijasimama.

Nikamtazama madam. Kashika mkoba wake kwa mikono miwili, hasogei.

Ikafika ile ya mapafu. "...inarudi kwenye moyo kupitia pulmonary..."

Wasusi wote kimya. Wanatazamana na kutabasamu. Kumbe ndio mtego wao kwa kila mteja mgeni. Kulikuwa na mama mmoja kichwa kimesukwa nusu, nusu nyingine nywele zimesimama, akajibu kwa kujiamini kabisa, "Artery."

Na hapo zikatoka sauti mbili kwa pamoja, moja kwenye simu na moja kwenye kiti cha pembeni, ukali ule ule, maneno yale yale:

"Nani kasema artery?"

Saumu akatazama simu, akatazama kiti, akatazama simu tena. Kitana kikamtoka mkononi.

Yule mama wa kichwa nusu akanyoosha kidole juu kama mtoto. "Mimi madam. Samahani."

"Usiombe samahani, fikiri. Umesikia oksijeni ukakimbilia artery. Mtihani unakutegea hapo hapo. Usitazame damu imebeba nini, tazama inaelekea wapi. Inayorudi kwenye moyo inapita kwenye..."

"Vein," wakasema wote.

"Hata ikiwa na oksijeni?"

"Vein."

"Wewe sema peke yako."

"Vein, madam," akasema yule mama, halafu akaongeza, "hii ndiyo niliyoikosaga kwenye mtihani wangu, na hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini."

Saumu alikuwa analia na kucheka. Akaja akapiga magoti mbele ya madam akamshika mikono, anasema shikamoo, shikamoo, kama kasahau maneno mengine yote. Tulikaa pale mpaka adhuhuri. Somo likawa la figo, bila ubao, na wateja wawili waliokuja baadaye walikaa bila kujua wameingia wapi.

Kwenye bajaji wakati wa kurudi, madam aliongea mara moja tu. "Wanajibu," akasema.

Kilichofuata nakisema kwa ufupi. Faili raw madam alikuwa nazo zote kwenye kadi ya simu yake, ndiyo tuliyokuwa tunarekodia, mie nilishafuta zangu zamani. Nikaediti upya kila kitu, hedifoni masikioni, sauti imewashwa. Nikasikiliza kila ukimya. Wa kupumua niliupunguza, wa kusubiri jibu sikuugusa. Mkuu, ukisikiliza vizuri unautofautisha. Wa kusubiri una pumzi iliyoshikwa.

Meneja aliposikia video zimerudi kuwa ndefu akapiga simu kufoka, akasema nawaweka watu wakae wanamtazama bibi amenyamaza. Nikamwambia kama alivyosema mwenyewe, aangalie grafu. Akakata simu.

Muhula ulipoisha aliangalia. Akabaki kijana wa Physics, akabaki Madam Somoe. Braza wa Geography hakubaki, na najua mtauliza. Nilimuomba raw zake zote nikazipitia, natafuta ukimya wa kumrudishia. Hana. Anasoma notes mwanzo mpaka mwisho bila kumuuliza mtu kitu.

Habari nilimpelekea madam mwenyewe kwa miguu yangu. Alitazama ile stendi ya kamera muda, kisha akaniambia, "Funga kamera. Na leo usitoke, kaa pale kwenye kochi."

Nikakaa. Alikuwa anataka kurekodi upya photosynthesis, ile ya siku ya kwanza, maana hakuipenda.

"So, green plants make their own..."

Akanitazama. Mie nikanyamaza kimya. Sekunde zikapita, kuku wa jirani analia, mzee barazani anakohoa. Madam akaendelea na somo mpaka mwisho. Nilipozima kamera akaniuliza, "Leo hukujua jibu?"

"Nalijua, madam. Niliwaachia wenzangu."

Akacheka mpaka akashika magoti.

Sasa nilichojifunza, wakuu. Mie nilimhurumia mtu kabla sijamsikiliza, na huruma yangu ilikaribia kumtoa kwenye kazi anayoipenda. Swali moja tu la adabu, madam mbona hapa unanyamaza, lingetosha. Mwenye mzazi au mzee anayemficha kitu kwa kumuonea aibu, amuulize leo.

Na kwa mnaofanya kazi kama yangu: sikilizeni sauti. Hivyo vimilima vya kwenye skrini havisemi kitu.

Nataka kusikia kutoka kwenu. Mwalimu gani alikuwa na neno lake la kuning'iniza ambalo mpaka leo ukilisikia unajibu bila kupenda? Na wanaofundisha mtandaoni, nyie mnamuachiaje mwanafunzi nafasi ya kujibu? Watakaokuja kuniita fala nao wapite, nimeshajiita mwenyewe hapo juu.

Tuko pamo...